Tomati za Ukutani

Ukifika mtaani kwetu Kolwezi, uliza nyumba yenye jiko la buluu lenye kidonda. Motari yeyote atakuleta, na kama hajui, huyo si wa hapa, shuka upande pikipiki nyingine. Jiko lenyewe liko uani, la matofali ya udongo. Ukuta wake wa mbele, ule unaotazama mahali tunapokaribishia wageni, umepigwa simenti laini na rangi ya buluu, kazi safi kabisa. Halafu katikati, upana wa mlango hivi, simenti imevunjwa na udongo uko uchi. Wageni wanadhani pesa zilituishia. Kuna waliotupa pole. Mi siwakatizi. Nawaacha waseme mpaka wamalize, kisha nawaambia kwamba hapo ndipo mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba hii, na wasipaguse.

Habari yenyewe inaanza na bibi yangu, mama yake mama. Tulimwita kaku, kama Waluba wa Kasai wanavyowaita wazee wao. Aliletwa huku kwa gari la moshi akiwa bado msichana, kumfuata mume aliyechukuliwa kazi ya mgodi, na wakapewa nyumba ya kambi: vyumba viwili na uwanja wa udongo mwekundu. Udongo huo una shaba. Nchi yote hii ina shaba, ndiyo maana tuko hapa. Lakini shaba hiyohiyo mboga haiipendi. Ukipanda hivihivi, majani yanageuka manjano, mmea unakonda, unakufa umesimama. Kwa hiyo wanawake wa kambi walikuwa wakienda porini kuchimba udongo wa vichuguu, vile vichuguu vyetu vya mchwa virefu kupita nyumba, wakaubeba kichwani mpaka uwanjani na kutengeneza matuta juu ya ule mwekundu. Udongo wa mchwa hauna ubaya. Mpaka leo tunafanya hivyo, ila sasa tunaubeba kwa baiskeli.

Nyuma ya zahanati ya kambi kulikuwa na bustani ya masista. Kaku alikuwa akiihadithia mpaka unasikia njaa: saladi, karoti, seleri, puwaro, na kwenye kila tuta mstari wa maua madogo ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, ambayo masista walisema yanafukuza wadudu. Na tomati. Nyanya, ukipenda, ila sisi huku tunasema tomati. Hazikuwa hizi za mviringo unazoziona sokoni. Zilikuwa pana, bapa, nzito kujaza kiganja, na zina mikunjo kuzunguka kote kama sketi ya marinda. Mbegu walizitoa kwao Ulaya, walizirithi kwa masista waliowatangulia, na hao kwa wengine.

Siku moja masista wakatoa zawadi kwa mwanamke mwenye uwanja safi kuliko wote kambini. Zawadi ilikuwa sabuni na kitambaa. Kaku akashinda. Wenzake wakapiga vigelegele, sista akanyoosha mkono na ile sabuni, na kaku akaikataa mbele ya watu wote. Akaonyesha kidole bustanini. Hakujua Kifaransa, lakini kidole hakihitaji Kifaransa. Sista akacheka, akaenda akachuma tomati moja iliyoiva mpaka inapasuka, akaweka juu yake ua moja lililokauka, akampa na sabuni pia. Kaku alikuwa akifika hapo anainua kidevu. Mi nimekirithi hicho kidevu cha kuinua, mke wangu ananiambia kila siku.

Namna alivyohifadhi mbegu ndiyo hadithi yenyewe, kwa hiyo sikiliza vizuri. Hakuzitia kwenye chupa wala karatasi. Alipasua tomati, akakamua mbegu pamoja na maji yake kwenye majivu ya makala, makaa ya jikoni, akatia na mbegu za lile ua, akakanda mpaka ikawa uji mzito. Kisha akachota kiganja, akapiga ukutani, pa! Ukutani mwa jiko, chini ya paa, juu ya mbabula ya kupikia, mahali ambapo mvua haifiki na moshi unafika kila siku. Uji ukakauka, ukashika udongo, ukabaki alama ya mkono wake na vidole vyote. Mdudu hali majivu, panya hapendi moshi. Wakati wa kupanda ukifika, anakwangua kiganja kimoja kwa kisu, anaacha vingine. Mbegu za tomati na mbegu za ua hazikulala mbali hata siku moja. Kaku aliziita wachumba.

Mama alikuwa binti yake wa pekee. Asubuhi ya kuondoka kwenda kwa mumewe, kaku alikwangua ukuta, akamfungia mbegu kwenye pembe ya kitenge, na mama akaja kuzipiga kwenye ukuta wa jiko lake yeye, hili hili la kwetu. Ndiyo desturi pekee ya nyumba yetu ambayo hatukuiga kwa mtu. Mama anampa binti, siku anaolewa, kabla hajakanyaga nje ya uzio. Wavulana hatupewi. Mama alizaa wavulana kwanza, mimi wa mbele na wenzangu nyuma, tukala tomati mpaka tukanenepa, lakini kurithi, hapana. Mwisho kabisa, wakati watu wameshaacha kumtazamia, akampata dada yetu.

Na mama alikuwa na kiburi na tomati zile, sitaficha. Majirani hakuwapa hata moja mbichi. Aliwapa mchuzi. Ukiwa na mgonjwa, mchuzi unakuja kwenye bakuli lililofunikwa. Ukiwa na mgeni wa ghafla, mchuzi. Ukila bukari, ugali wetu, na samaki wa tomsoni aliyepikwa kwa tomati za mama, utamsahau mtu aliyekuudhi asubuhi. Lakini akina mama wakija uani na kapu, wakisema, "Mama, utupatie moja tu, tuonje," yeye alikuwa akicheka na kusema, "Munapenda kuonja? Mukae, naweka sufuria ku moto." Alijua wanachotafuta ni mbegu. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua ladha, na kaku alipokufa, mbegu zikawa mahali pamoja duniani: ukutani kwa mama.

Basi dada yetu akapata mchumba. Kijana wa Kasaji, huko magharibi kwenye reli, anayenunua mahindi na maharage na kuyasafirisha. Mtu mtaratibu. Ukoo wake ukatuma habari kwamba utakuja na mahari kiangazi kile, na harusi ya kanisa itakuwa mvua zikikaribia kwisha. Mama alianza kuimba peke yake jikoni. Msimu uliotangulia baridi ya ukungu ilikuwa imeunguza tomati zake mapema, akaokoa chache tu zilizoiva, akazipiga zote ukutani bila kula hata moja. Alama za viganja zilikuwa pale, mama akizipita anazigusa. Alituambia waziwazi, "Mi sina dhahabu ya kumupatia mutoto. Niko na hii." Hakuna kitu kingine alichokuwa akikingojea katika maisha yake.

Wiki mbili kabla ya wageni, msiba ukamwita Likasi. Alikwenda na dada yangu. Nyumbani wakabaki wanaume: baba, ambaye alikuwa dereva wa winchi mgodini na sasa amepumzika, na baba yangu mdogo, fundi mwashi aliyejenga nusu ya mtaa huu na anayeitaja hiyo nusu kila anapokunywa kitu. Mi kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na siku hizo tulikuwa tukitengeneza makontena upande wa mgodi wa Mashamba, natoka alfajiri narudi jioni nimekuwa mweusi wote. Kwa hiyo sikuwaona wakipanga. Walipanga mambo ya kumfurahisha mama. Wanaume wa kwetu wakitaka kumfurahisha mwanamke, lazima kitu kijengwe.

Nilirudi jioni moja nikakuta ukuta wa jiko unang'aa. Baba mdogo amesimama mbele yake na mwiko mkononi, simenti mpaka kwenye nyusi.

"Angalia!" akaniambia. "Weka mukono. Utasikia kama iko na fasi moja haiko sawa?"

Kwa kweli haikuwa na kasoro. Kesho yake wakapaka buluu. Baba alizunguka uani akiwa amefunga mikono nyuma, anatazama ukuta, anatazama njia, anatazama ukuta. Hakukuwa na mtu kati yao aliyewaza mbegu. Baba alikula tomati zile tangu siku alipooa, na hakujiuliza hata mara moja zinalala wapi. Kwake alama zile zilikuwa majivu ya wanawake.

Mama akarudi mchana, nami siku hiyo nilikuwa nyumbani. Aliingia na mfuko kichwani, dada yangu nyuma yake. Baba mdogo akamkimbilia, anacheka meno yote nje.

"Karibu, shemeki! Batu ba Kasaji bakikuya, batajua kama banakuya ku batu!"

Mama aliuweka mfuko chini polepole. Akaenda mpaka ukutani, akapitisha mkono kwenye ile buluu, juu, chini, pembeni, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Na bile bitu bilikuwa hapa?"

"Bitu gani? Ile majivu? Tulikwangua yote! Ilishikamana, bwana, mpaka nikatumia nyundo."

Nikamwona baba anaweka mkono mdomoni. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza. Baba mdogo bado alikuwa akicheka, halafu akaangalia nyuso zetu moja moja, na kile kicheko kikamfia.

"Mbegu ya mama yangu," mama akasema. "Munamuzika mara ya pili. Na sasa niko na nini ya kupatia mutoto?"

Sijawahi kumwona mama akiwa mdogo vile. Dada yangu alianza kulia, akisema, "Mama, acha, haina neno, tomati ni tomati," na mama akamgeukia kwa ukali, "Usiseme ile neno mu nyumba yangu!" Kisha akamwuliza baba mdogo walichokwangua walikitupa wapi. Walikuwa wamekibeba kwa toroli na kujazia lile shimo kubwa la barabarani mbele ya uzio wetu, ili gari la wageni lisikwame. Hata hapo walifikiria wageni. Tulitoka wote tukaenda kuangalia. Malori yalikuwa yamepita juu yake siku nyingi, yametandaza kila kitu, na vumbi la Kolwezi limefunika kilichobaki. Mama alisimama ukingoni mwa shimo na nguo zake za msiba, motari wanapiga honi, wanamzunguka.

Wageni walikuja. Mahari ikapokelewa, watu wakacheza, na kila mgeni aliyekaa alisifu ukuta. "Jiko ya muzuri, mama!" Mama alijibu "Aksanti" kwa meno yaliyofungwa. Baba mdogo alikaa nyuma kabisa, karibu na mapipa. Mama hakumgombeza hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alimpa chakula, akamnawisha mikono, lakini neno, hapana. Yule mtu aliyekuwa akipiga kelele kupita redio akawa anaingia kwetu akikohoa tu.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mama alichukua kiti chake kifupi akaenda kukaa barabarani, penye shimo. Kesho yake tena. Mi nilikasirika. Nilimwambia, "Mama, batu banatucheka," na kweli walikuwa wakicheka. Motari mmoja alipunguza mwendo akamwuliza, "Mama, unauzisha nini hapa?"

"Nauzisha akili," mama akamjibu. "Uko na kikombe?"

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Siku ile nikaacha kuona haya. Nilitafuta vyuma vyangu chakavu, nikachomelea kizuizi kidogo chenye miguu, nikakipaka rangi nyekundu, nikakisimamisha ukingoni mwa shimo. Malori yakaanza kupita upande wa pili. Dereva mmoja alishuka akauliza ni serikali imeweka? Nikamwambia ni zaidi ya serikali.

Halafu zikaota. Kwenye ukingo, ambapo magurudumu hayakufika sana, majani madogo yalijitokeza katikati ya magugu. Mama alipiga magoti kwenye matope, akachuma kipande kidogo cha jani, akakisugua na kunusa. Akachuma jingine la mmea wa jirani yake, akanusa. Akainua uso.

"Wachumba," akasema.

Ilikuwa miche ya tomati, na katikati yake miche ya lile ua la masista, imeota pamoja kama ilivyolala pamoja. Baba akasema taratibu asije akamvunja moyo, "Mama, batu banatupa tomati kila fasi. Inaweza kuwa ya soko." Na alikuwa na haki. Hapa kwetu tomati mbovu inatupwa popote na inaota popote, na mche wa tomati ukiwa mdogo huwezi kuujua ni wa ukoo gani. Lazima uzae kwanza. Maua yalikuwa ushahidi, lakini ushahidi wa mate, unakauka upesi.

Tuliing'oa kwa kijiko, na udongo wake. Tulipogeuka kwenda ndani, baba mdogo alikuwa amefika mlangoni na baiskeli yake, na nyuma ya baiskeli gunia la udongo wa kichuguu, jeusi la kulowa. Alijaza ndoo kuukuu, akazitoboa chini, akazipanga chini ya paa la jiko. Mama alipanda miche na yeye akamshikia ndoo, na bado hawakusemezana. Kila siku baada ya kazi alikuja. Mvua ikizidi, alizisogeza ndani, maana mvua nyingi inaozesha majani ya tomati. Jua likitoka, alizitoa. Alifunga vijiti, akakata majani ya chini, akafukuza kuku wa jirani kwa matusi ambayo mama alijifanya hasikii. Mimea mingine ilikufa hata hivyo. Mwishowe ikabaki miwili ya maana, mmoja mkubwa wenye majivuno, na mmoja dhaifu uliopinda.

Tarehe ya harusi ikawa inasogea, na sisi tunatazama ndoo. Usicheke. Watu wazima, wenye kazi, tunaamka tunakwenda kutazama ndoo.

Ule mkubwa ndio uliozaa kwanza. Tomati yake ilivimba, ikawa na urefu kama yai, laini, bila mkunjo hata mmoja. Tulijidanganya kwamba mikunjo itakuja ikikua. Ikaiva, ikawa nyekundu, laini vilevile. Tomati ya sokoni. Dada yangu aliichuma, akaiweka mezani, na hakuna aliyeila. Baba mdogo aliitazama kwa muda, akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga, na siku mbili hakuonekana. Nilimfuata kwake. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mikono imening'inia kati ya magoti.

"Nilijenga nusu ya mutaa," akaniambia. "Na mama yako atanikumbuka na ukuta moja."

Nilimhurumia sana. Nilimwambia kuna ule mwingine, uliopinda, una ua moja tayari. Alisema, "Ule? Ule uko mugonjwa." Lakini alisimama, akavaa viatu.

Ule mgonjwa ulichukua muda wake. Ua likaanguka, likaacha kitu kidogo cha kijani, ukubwa wa kifungo cha shati. Asubuhi moja, nikiwa nafunga viatu vya kazi, nilimsikia mama akiita. Hakuita jina la mtu. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, saa ile ambayo jirani wengine bado wamelala. Nilitoka na kiatu kimoja. Kile kifungo kilikuwa kimekua, na kuzunguka kote, wazi, tena bado changa kabisa, kilikuwa na marinda: ndiyo yenyewe.

"Njo yenyewe!" mama alikuwa akisema. "Njo yenyewe! Mama yangu, njo yenyewe!"

Akamtuma dada yangu mbio akamwite baba mdogo. Alipofika, anahema, mama alimshika mkono kama mtoto, akamwinamisha mbele ya ndoo, akasema, "Shemeki, angalia." Lilikuwa neno la kwanza tangu kiangazi. Baba mdogo aliangalia, kisha akaangalia juu, akaangalia pembeni, akajifuta uso kwa kofia.

Mmea ule uliopinda ulizaa tomati chache tu, lakini kila moja nzito mpaka tukaufungia kwa kitambaa ili usivunjike. Ya kwanza ilipoiva mpaka kupasuka, mama aliikamua kwenye majivu, akatia mbegu za ua, akakanda. Kisha akasimama na bakuli mbele ya ukuta wa buluu, hana pa kupiga. Simenti yenye rangi haishiki uji wa majivu. Inateleza, inaanguka.

Baba mdogo alimtazama, akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa nyundo na tindo. Mi nilidhani atapiga msumari. Akaweka tindo katikati ya ile kazi yake, pale palipokuwa laini kuliko pote, akapiga. Kipande cha buluu kikaanguka. Baba akasema, "Ee! Harusi ni wiki hii!" Hakusikiliza. Alivunja mpaka udongo ukatokea, akavunja tena, upana wa mlango, vumbi likamjaa kichwani, na alipomaliza akafagia mwenyewe vipande vyote, akavipepeta kwa vidole kimoja kimoja kabla ya kuvitupa. Sijawahi kumwona fundi akivunja kazi yake kwa raha vile. Nilijivuna kuwa damu yake.

Mama akapiga kiganja cha kwanza, pa! Dada yangu akapiga cha pili. Halafu mama akanigeukia, akanisogezea bakuli.

"Weye pia."

"Mama, mi mwanaume."

"Naona. Weka mukono. Ukuta moja haitoshe tena."

Nikaweka mkono. Uji ulikuwa wa baridi, wenye punje punje. Nilipiga kwa nguvu mno, majivu yakamrukia baba usoni. Baba mdogo akapiga wa mwisho, juu kabisa. Kiganja chake cha mwashi ni kikubwa kuliko vyetu vyote, na wageni wakija ndicho wanachouliza kwanza.

Harusi ikafanyika. Wageni wa Kasaji walikaa uani kwetu wakitazama jiko la buluu lenye shimo, na hakuna aliyesema jiko ni la muzuri. Tulikaa vichwa juu. Asubuhi ya kuondoka, mama alikwangua kiganja kimoja, akamfungia dada yangu mbegu kwenye pembe ya kitenge, fundo mara mbili, na dada yangu akalishika kwa mkono wote. Hapo mama mkwe wake, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akasema mbele ya watu wote, kwa furaha, "Mutoto wetu, nyumba yako kule iko tayari. Kama kuna kitu unapenda tuongeze, sema sasa, usiogope."

Dada yangu hakuogopa. Ni wa kwetu huyu. Aliinua kidevu.

"Mama, siombe kitu. Ila jiko. Mutuachie ukuta moja ya udongo. Musiipige simenti, hata kama kunakuya gouverneur mwenyewe wa jimbo."

Watu walicheka sana. Baba mdogo alicheka huku analia. Mama mkwe alitazama ule ukuta wetu, akatazama fundo la kitenge, akatazama alama za mikono, na nadhani alielewa nusu, ambayo inatosha kuanzia. Akasema, "Tutaacha kuta zote ine."

Mama yangu akainuka kwenye kiti. Alikwenda kwenye ndoo, akachuma tomati ya mwisho, iliyokuwa imeiva na haijapikwa, nzima, na marinda yake yote. Sisi wa nyumbani tuliinuka pia, maana tulijua. Miaka yote hiyo hatukuona mtu wa nje akiondoka na moja mkononi. Akaipeleka mpaka kwa yule mwanamke, akamfumbatisha vidole juu yake.

"Usiipike," akamwambia. "Mutoto atakuonyesha ya kufanya."